Mhandisi Sreedharan na Saa Yake: Reli za India Zinatufunza Nini?

Ndugu wafanyakazi, yeyote kati yetu anayeishi mbali na kazi anajua kwamba siku ya kazi haianzi king'ora kinapolia. Inaanza saa kumi za usiku, mtu anapotoka nyumbani gizani kutafuta gari. Mfanyakazi wa kiwandani husimama kituoni akiomba basi lisimpite kwa kujaa. Mwenzake wa shamba la chai au la miwa hupakiwa nyuma ya lori, amesimama, ameshika ubao, na mvua yote ni yake. Akichelewa, mshahara unakatwa. Akiwahi, nauli imekwisha kuukata. Kwa hiyo mfanyakazi anayekaa mbali huilipia kazi yake kabla hajaifanya.

Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba habari za reli na mabasi ni za mawaziri na mainjinia peke yao. Usafiri wa umma ni sehemu ya mshahara. Ukiwa mzuri na wa bei nafuu, mshahara umeongezeka bila mwajiri kutoa hata senti. Ukiwa mbaya, umepungua. Tena reli haishuki kutoka mbinguni. Inajengwa na watu wa namna yetu: wachimbaji, wafunga nondo, wapiga zege, waendesha kreni. Basi jambo hili linatuhusu mara mbili, tunapopanda na tunapojenga.

Katika nchi zetu kazi za namna hii zimekuwa nyingi. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza mwaka 2016. Kenya ilifungua reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Treni ya umeme ya Tanzania ilifika Dodoma mwaka 2024, na mwaka huo huo Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala. Maelfu ya vijana wetu wamekwisha kupata kibarua katika kazi hizo, na maelfu wengine watapata. Inafaa tujiulize mapema: kazi kubwa ya umma iendeshwe namna gani ili iishe kwa wakati, isiliwe na wajanja, na isiue watu?

Tumetafuta mfano, nao tumeupata India, katika maisha ya mhandisi mmoja aitwaye E. Sreedharan. Msomaji asishangae kwamba tumekwenda mbali hivyo. Reli ya kwanza ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na vibarua karibu 32,000 waliochukuliwa kutoka India. Wapatao 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Majina ya wakubwa wa reli ile yameandikwa vitabuni. Ya vibarua wengi hayajulikani. Tukumbuke jambo hilo tunaposoma habari hizi, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

KIJANA WA KERALA

Sreedharan alizaliwa tarehe 12 Juni 1932 katika wilaya ya Palakkad, jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India. Alisomea uhandisi wa ujenzi katika chuo cha Kakinada. Akafundisha kwa muda mfupi, akafanya kazi kwa kiasi cha mwaka mmoja katika bandari ya Bombay, kisha akafaulu mtihani wa kuingia utumishi wa reli. Mwishoni mwa mwaka 1954 alianza kazi kama mhandisi msaidizi katika Reli ya Kusini. India ilikuwa na umri wa miaka 7 tu tangu kupata uhuru.

Kazi ya mhandisi msaidizi wa reli si ya kukaa chini ya panka. Ni kutembea juu ya mataruma, kukagua madaraja, kusikiliza wasimamizi wa magenge, na kujua ni mtaro upi utazibuka na upi utabomoka mvua zikija. Mtu aliyejifunza hivyo akipanda cheo huwa ni vigumu kumdanganya kwa ripoti. Hilo ndilo jambo la kwanza tunaloliona katika maisha ya mtu huyu: alianzia chini, njiani, pamoja na wanaoshika sururu.

SIKU 46

Mwezi wa Desemba 1964 tufani kubwa ilipiga ncha ya kusini ya India. Huko kuna daraja la reli liitwalo Pamban, lenye urefu wa kilomita 2 hivi, lililofunguliwa mwaka 1914 ili kuunganisha kisiwa cha Rameswaram na nchi kavu. Mawimbi yaliifuta treni ya abiria iliyokuwa ikikaribia kituo cha Dhanushkodi, na zaidi ya watu 100 waliokuwa ndani wakafa. Mji wenyewe ukaangamia. Daraja likabaki nguzo tupu, maana mihimili yake mingi ya chuma ilikuwa imezolewa na bahari.

Wakuu wa reli walitoa miezi 6 ya kulitengeneza. Mkubwa wa Sreedharan akaipunguza ikawa miezi 3, na kazi akakabidhiwa yeye, kijana wa miaka 32. Mpango ulikuwa kuleta mihimili mingine kutoka sehemu za mbali za India. Lakini wavuvi wa pale walileta habari kwamba mihimili ya zamani ilikuwa imelala chini ya bahari, si mbali na daraja. Sreedharan hakuwadharau. Alikwenda kutazama, akaona ni kweli, akatengeneza namna ya kuiinua moja baada ya nyingine na kuirudisha mahali pake. Treni zilipita tena baada ya siku 46.

Watu wanapoisimulia habari hii husifu akili ya mhandisi, nao hawakosei. Sisi tunaongeza sifa za wavuvi. Vyuo vyote vya uhandisi vya India visingeweza kuwaambia wakuu wa reli kilichoko chini ya maji siku ile. Aliyejua ni anayeshinda juu ya maji kila siku. Daraja lile lilitumika mpaka Desemba 2022, na jipya lililojengwa kando yake lilifunguliwa Aprili 2025.

SOMO LA CALCUTTA

Mwaka 1970 Sreedharan alipelekwa Calcutta kushughulikia mipango ya treni ya chini ya ardhi, ya kwanza katika India nzima. Jiwe la msingi liliwekwa mwishoni mwa mwaka 1972. Baada ya hapo yakafuata yale tunayoyajua hata kwetu. Fedha zilikuja kidogo kidogo. Barabara zilichimbwa zikaachwa wazi. Mabomba ya maji na nyaya zilikutwa mahali ambapo ramani haikuzionyesha. Kipande cha kwanza, kisichotimia hata kilomita 4, kilifunguliwa Oktoba 1984, na njia yote ya kilomita 16 na kidogo ilikamilika mwaka 1995. Tangu jiwe la msingi hadi mwisho ilikuwa imepita miaka 23 hivi.

Nani aliumia kwa kuchelewa huko? Tajiri mwenye gari alizunguka mtaa mwingine. Mwenye duka dogo kando ya shimo alikosa wateja, na mfanyakazi aliendelea kuning'inia mlangoni mwa basi kwa miaka 20 zaidi. Tusidanganyike, kuchelewa kwa kazi ya umma si utani wa maofisi. Ni kodi inayotozwa maskini bila risiti. Sreedharan mwenyewe aliondoka Calcutta katikati ya miaka ya 1970, lakini aliyoyaona kule yalimkaa moyoni, na kazi zake za baadaye zinaonyesha hivyo.

RELI YA KONKAN

Alistaafu utumishi wa reli mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 58. Wengine kwa umri huo huenda kulima minazi. Yeye aliitwa kuongoza shirika jipya la kujenga reli ya Konkan, kwenye pwani ya magharibi, ile inayotazamana na Afrika ng'ambo ya bahari. Waingereza waliotawala India kwa muda mrefu hawakuijenga njia hiyo. Ni nchi ya milima inayoshuka mpaka baharini, mito inayokatiza kila baada ya hatua chache, na mvua za kutisha.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 740, kutoka Roha karibu na Bombay hadi karibu na Mangalore. Ina mahandaki zaidi ya 90 na madaraja yapatayo 2,000, makubwa kwa madogo. Fedha zilitoka kwa serikali kuu, kwa majimbo manne ambayo reli inayapitia au kuyahudumia, na sehemu kubwa ikakopwa kwa wananchi kwa hati za dhamana. Ardhi ilinunuliwa kwa maelfu ya wakulima waliotakiwa kuhama. Kazi iligawanywa vipande vipande, kila kipande na mhandisi wake mkuu mwenye mamlaka ya kuamua papo hapo bila kungoja barua irudi kutoka makao makuu. Tarehe 26 Januari 1998, baada ya miaka 7 na kitu, reli nzima ilifunguliwa.

Adui mkubwa hakuwa mwamba mgumu. Mwamba mgumu hupasuliwa na baruti, nao ukishatobolewa husimama. Adui alikuwa udongo laini uliojaa maji. Handaki la Pernem katika Goa lilichimbwa, likaporomoka, likachimbwa tena, miaka ikaenda. Humo walikuwemo watu. Wafanyakazi kadhaa walipoteza maisha katika ujenzi wa reli hiyo, na kule Ratnagiri shirika liliweka mnara wa kuwakumbuka. Ni heri mnara uliowekwa kuliko ambao haukuwekwa. Lakini mjane hawezi kuupika mnara.

Tena hesabu ya reli haiishii siku ya kukata utepe. Mwezi wa Juni 2003, karibu na Vaibhavwadi, treni ilivamia mawe na udongo ulioporomoka kutoka kwenye ukuta wa mlima uliokatwa kupitisha reli, na zaidi ya watu 50 wakafa. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule wa mvua, treni nyingine ilianguka kwenye njia hiyo hiyo, na watu wapatao 20 wakafa. Baada ya hapo treni zikawekewa ratiba ya majira ya mvua na kuamriwa kwenda polepole zaidi. Reli iliyokimbizwa ijengwe haraka ikalazimika kujifunza kutembea taratibu. Mlima nao una saa yake, na mhandisi asiyeisoma hulipishwa baadaye na abiria.

SAA ZA DELHI

Mwishoni mwa mwaka 1997 Sreedharan, sasa mzee wa miaka 65, alikabidhiwa kazi iliyomfanya ajulikane duniani: kuongoza ujenzi wa treni za umeme za mji mkuu, zijulikanazo kama Metro ya Delhi. Sehemu kubwa ya fedha za awamu ya kwanza ilikuwa mkopo kutoka Japani. Ujenzi ulianza Oktoba 1998, na kipande cha kwanza, kilomita 8 na vituo 6, kilifunguliwa Desemba 2002. Awamu ya kwanza nzima, kilomita 65, ilimalizika karibu miaka 3 kabla ya wakati uliopangwa. Linganisheni na Calcutta, ambako kilomita 16 zilichukua zaidi ya miaka 20.

Siri ilikuwa nini? Haikuwa uchawi. Kwanza, alikataa kuchaguliwa watumishi na wanasiasa. Alichukua watu wachache aliowajua kwa kazi zao. Pili, uamuzi haukulala mezani: jambo lililoweza kukatwa na mhandisi wa eneo lilikatwa pale pale. Tatu, mkandarasi alilipwa upesi, kwa hiyo hakuwa na kisingizio cha kusimamisha kazi. Nne, mabomba, nyaya na miti vilishughulikiwa kabla ya kuchimba. Na tano, katika ofisi na maeneo ya ujenzi ziliwekwa saa zilizohesabu kinyumenyume, zikionyesha siku zilizobaki. Mtu akiinua macho aliiona tarehe yake ikimjia.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa saa. Alifika kwa wakati na kuondoka kwa wakati, wala hakupenda watumishi wakae ofisini usiku, kwa kuwa aliamini kwamba kazi iliyopangwa vizuri humalizika katika saa za kazi. Sisi tunalipongeza jambo hilo. Ni wakubwa wangapi tunaowajua ambao hushinda mchana wakinywa chai, halafu jioni wakatangaza dharura na kumnyima mfanyakazi usingizi wake?

Lakini hapa ndipo tunapotakiwa kutazama vizuri. Saa ya ofisini ilikuwa na jioni. Saa ya eneo la ujenzi haikuwa nayo, maana kazi kule ilikwenda kwa zamu, mchana na usiku. Na waliokuwa kule hawakuwa watumishi wa shirika. Walikuwa vibarua wa wakandarasi, wengi wao watu waliotoka vijijini mbali kuja mjini kutafuta riziki.

UFA

Jumapili tarehe 12 Julai 2009, yapata saa kumi na moja alfajiri, katika mtaa wa Zamrudpur, kusini mwa Delhi, kichwa cha nguzo moja ya njia ya juu kilivunjika wakati mtambo wa kuwekea mihimili ulipokuwa juu yake. Daraja lililokuwa likijengwa likaanguka pamoja na mtambo. Watu 6 walikufa na wengine zaidi ya 10 wakajeruhiwa. Kesho yake kreni zilizoletwa kuondoa mabaki nazo zikapinduka, zikajeruhi watu wengine.

Siku ile ile ya ajali Sreedharan, mzee wa miaka 77, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akatangaza kujiuzulu. Alisema anachukua wajibu wa yaliyotokea. Waziri Mkuu wa jimbo la Delhi, Bibi Sheila Dikshit, alikataa kumwachia, na mzee akarudi kazini.

Kitendo hicho kilikuwa na mfano katika reli za India. Mwaka 1956 Lal Bahadur Shastri, aliyekuwa Waziri wa Reli, alijiuzulu baada ya treni kuanguka Ariyalur na kuua watu wengi, na baadaye akawa Waziri Mkuu wa nchi. Kwetu nasi tunao mfano. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania, aliacha uwaziri kwa sababu ya raia waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ingawa mkono wake haukumgusa hata mmoja wao. Miaka 8 baadaye wananchi walimpa Urais. Mkubwa anayesema "hili ni langu" ni adimu kama jua la usiku. Wengi wao ajali ikitokea huunda tume, tume humkuta dereva au kibarua, na faili likafungwa.

Kwa hiyo tunamheshimu Sreedharan kwa siku ile. Lakini heshima isitufunge midomo. Ilijulikana baadaye kwamba nguzo ile ilikuwa imeonekana na ufa miezi kadhaa kabla. Ufa ukatengenezwa, kazi ikaendelea. Uchunguzi ulionyesha kasoro katika usanifu wa nguzo na katika zege lenyewe. Wazee wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa mwingine hauzibwi kwa lipu. Dawa yake ni kusimama, kuteremsha watu wote chini, na kuuliza kwa nini umetokea.

Na nani angesimamisha? Saa ukutani ilikuwa ikihesabu siku. Mkandarasi aliogopa faini ya kuchelewa. Mhandisi wa eneo aliogopa kuwa wa kwanza kuharibu sifa ya shirika lisilochelewa. Kibarua, ambaye ndiye aliye juu ya kiunzi na ndiye anayeuona ufa kwa macho yake, aliogopa kufukuzwa, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa mdomoni mwa nyapara. Katika watu wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na nguvu ya kuisimamisha ile saa bila kujiumiza.

Hilo, ndugu zetu, ndilo jambo tunalotaka kulisema katika makala hii. Kule Pamban mhandisi aliwasikiliza wavuvi, na daraja likasimama kwa siku 46. Alikuwa mtu mmoja na aliweza kwenda kutazama kwa macho yake. Lakini katika kazi yenye maelfu ya watu, kusikiliza hakuwezi kutegemea wema wa mkubwa. Lazima kuwe na njia ya sauti ya chini kufika juu, na njia hiyo iwe imeandikwa kwenye mkataba.

NAULI NA AJIRA

Sreedharan aliiacha Metro ya Delhi mwishoni mwa mwaka 2011, baada ya kuongoza awamu mbili. Alisaidia kujenga treni za mji wa Kochi katika jimbo lake la nyumbani, zilizofunguliwa mwaka 2017. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 88, aligombea ubunge wa jimbo, akashindwa. Shirika aliloliongoza limeendelea kukua, na mtandao wa Delhi umepita kilomita 390. Mamilioni ya safari hufanywa humo kila siku. Behewa la kwanza la kila treni hutengwa kwa wanawake tangu mwaka 2010, jambo ambalo mama zetu wanaobanwa kwenye mabasi ya alfajiri watalielewa bila kuelezwa.

Lakini reli nzuri inaweza kumwacha maskini kituoni. Nauli za Delhi zilipandishwa mara mbili katika mwaka 2017, na abiria wakapungua. Mwaka 2019 serikali ya jimbo ilipotaka wanawake wasafiri bure, Sreedharan alipinga kwa barua. Hoja yake ilikuwa kwamba shirika lina deni la kulipa, na kama serikali inataka kuwasaidia wanawake basi iwape fedha wenyewe. Hoja hiyo ina akili ya mhasibu. Sisi tungemjibu kwamba fedha zikipita mikono mingi hupungua, na mlango wa treni ukiwa wazi haupunguzi kitu. Mwishowe wanawake wa Delhi walipata kusafiri bure kwenye mabasi kuanzia Oktoba 2019.

Vilevile tutazame wanaoifanya treni iende. Wauza tiketi, wafagiaji na walinzi wengi wa vituo waliajiriwa kupitia wakandarasi, na zaidi ya mara moja wamelalamika hadharani juu ya mishahara iliyo chini ya kima kilichowekwa na sheria. Katikati ya mwaka 2018 watumishi wa shirika lenyewe, maelfu kadhaa, walijiandaa kugoma kwa ajili ya mishahara na haki ya chama chao. Mahakama Kuu ya Delhi ikawazuia, kwa hoja kwamba umma ungeteseka. Ni ajabu ya dunia: mfanyakazi hukumbukwa kuwa ni muhimu kwa umma siku anapotaka kugoma, na hiyo tu.

TUJIFUNZE NINI?

Hatukuandika haya ili msomaji amwabudu Sreedharan wala amtukane. Mtu huyu aliishi kwa mshahara wa utumishi wa umma na akajenga vitu vinavyobeba umma. Alionyesha kwamba nchi iliyotawaliwa, inayosemwa kuwa haiwezi, inaweza kujenga kwa wakati na kwa fedha zilizopangwa. Funzo hilo tulipokee kwa mikono miwili. Anayetuambia kwamba kuchelewa na kuiba ni tabia ya nchi maskini, tumwonyeshe Delhi.

Lakini tuongeze la kwetu. Popote reli au barabara ya mabasi inapojengwa katika nchi zetu, matawi yetu yadai mambo haya kabla jembe halijagusa ardhi. Kila kibarua awe na mkataba wa maandishi, awe wa shirika au wa mkandarasi. Fidia ya kifo na ya kilema itajwe kwa tarakimu, na jina la atakayeilipa liandikwe. Kofia ngumu, viatu na mikanda ya usalama vitolewe na mwajiri, visikatwe kwenye mshahara. Kila zamu iwe na mjumbe wa usalama aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Na mjumbe huyo awe na haki ya kusimamisha kazi akiona hatari, bila kufukuzwa na bila mkandarasi kutozwa faini kwa masaa hayo.

Wakubwa watasema madai hayo yatachelewesha kazi. Tuwajibu kwa hesabu. Kusimamisha nguzo moja kwa wiki moja ni wiki moja. Kuiacha ianguke ni miezi, na watu 6 hawarudi.

Ndugu mfanyakazi, kesho alfajiri utakapokuwa kituoni ukingoja gari, au juu ya kiunzi ukingoja zege, ukumbuke wavuvi wa Pamban. Walijua, wakasema, wakasikilizwa. Nawe unajua mengi kuhusu mashine yako, lori lako na nguzo yako. Likikutia shaka, usilale nalo. Mwambie mjumbe wa tawi leo hii, naye aliandike na tarehe. Ufa ulioandikwa hauwezi kukanwa.